Lishe Inalimwa Wapi? Neno Tunalolitamka Kila Siku na Mtu Aliye Ndani Yake

Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini. Mbele yangu dada mmoja aliyembeba mwanawe mgongoni alitua ndoo yake, akamwambia kijana wa mashine, “Kaka, nisagie hii lishe, ila usiichanganye na dona la watu.” Ndani ya ndoo mlikuwa na mahindi, ulezi, mchele, mtama, ngano, soya, karanga, na juu yake dagaa wachache. Bibi mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake akainama, akachota kiganja kimoja, akakitazama kwa muda. Kisha akauliza, “Mjukuu wangu, hii lishe inalimwa wapi? Mbona sisi hatukuwahi kuipanda?”

Watu walicheka. Bibi hakucheka, kwa sababu alikuwa anauliza kweli. Nami nimelibeba swali lake tangu siku ile, maana ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa mikutanoni. Neno lishe limezagaa kila mahali huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na kila mtu analishika upande wake. Sokoni Mwanjelwa lishe ni unga: “nipimie kilo mbili za lishe.” Hospitalini lishe ni uji wa mgonjwa. Kwenye mkutano wa kijiji lishe ni ajenda ya serikali, yenye afisa wake na bajeti yake. Na mama anayelea peke yake akimpigia simu baba wa mtoto kumwambia “tuma hela ya lishe”, neno hilohilo linageuka kuwa deni.

Mkanganyiko huu umekuwa mkali zaidi tangu yatoke matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022. Nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Iringa walikuwa takriban 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa walikuwa karibu nusu. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya nchi kwa mahindi, na jibu la wengi limekuwa la haraka na la uchungu: “Huku hakuna njaa. Hizo takwimu za nani?”

Wanaosema hivyo hawasemi uongo, maana njaa kweli hakuna. Ila njaa ni jambo moja na lishe ni jambo jingine, na tofauti hiyo imo ndani ya neno lenyewe kama tutalifumua taratibu.

Tuanze na mzizi. Kiini cha lishe ni kitenzi kifupi kuliko karibu vyote tulivyo navyo: -la. Ni kifupi mno hata hakiwezi kusimama peke yake, ndiyo maana tunasema “ninakula” na si “ninala”; kile ku- kimebaki pale kama fimbo ya kumsaidia mzee kutembea. Kitenzi hiki si mali ya Kiswahili peke yake. Mnyakyusa anasema ukulya, Mhehe anasema kulya, Mganda okulya, Mchewa kudya. Ni neno la ukoo mzima wa lugha za Kibantu, la zamani kuliko mipaka na majina ya nchi zetu. Katika Kiswahili limezaa watoto wengi: mlo, mlaji, ulaji, na chakula, ambacho ukikikata katikati unakuta “cha kula”, yaani kitu cha kuliwa.

Sasa ongeza -isha. Kiambishi hiki ndicho kinachogeuza tendo la mtu mmoja kuwa la watu wawili. Kuna kuvaa na kuna kuvisha, kuna kunywa na kuna kunywesha. Vivyo hivyo kula kunazaa kulisha. Anayekula anaweza kuwa peke yake porini na embe lake mkononi, lakini anayelisha lazima awe na mwenziwe mbele yake. Kutoka hapo tumepata malisho, mahali mchungaji anapopeleka ng’ombe. Na kutoka hapohapo, kwa kubadili irabu ya mwisho kuwa -e, tumepata lishe.

Hiyo -e ya mwishoni nayo ina kazi. Tazama jamaa zake: mtume ni yule aliyetumwa, kiumbe ni kile kilichoumbwa, mteule ni yule aliyeteuliwa. Irabu hii inaelekea upande wa anayepokea tendo. Kwa hiyo lishe, kwa ujenzi wake, ni kile ambacho mtu analishwa, na hali anayokuwa nayo kwa sababu amelishwa. Chakula kinaweza kukaa kwenye kihenge mwaka mzima kikaendelea kuitwa chakula. Lishe haikai kwenye kihenge. Inaanza pale ambapo mkono wa mtu umekitoa chakula kule kilikokaa, ukakifikisha kwenye mwili wa mwingine, na mwili ukakipokea ukajengeka. Ndiyo maana nasema bibi wa Uyole aliuliza vizuri. Lishe hailimwi. Kinacholimwa ni chakula.

Hata jina la chombo chetu cha kitaifa, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, limeweka “na” kati ya maneno hayo mawili. Yangekuwa kitu kimoja, lingetosha moja.

Kati ya chakula na lishe limekaa neno la tatu linalotuponza zaidi: shibe. Shibe ni habari ya tumbo kujaa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linajaa kwa vijiko vichache, na uji mwepesi wa sembe unaweza kulijaza likatulia. Mtoto halii, mama anaridhika, na kila mtu pale nyumbani anaamini mtoto amekula. Amekula kweli, na ameshiba. Ila maji ndiyo yaliyochukua nafasi kubwa ya tumbo lile, na wanga kidogo.

Kwa mkulima wa huku sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kila anayelima mahindi kuanzia Mbozi hadi Kilolo anajua mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. Ukipanda bila ile ya kupandia, mche unatoka, unakuwa wa kijani kiasi, mvua inanyesha, na kwa mbali shamba linaonekana shamba. Ukisogea ndipo unaona mahindi yamekaa palepale wiki baada ya wiki, na tunasema nini? “Mahindi yamedumaa.” Ni neno hilohilo. Baadaye hata ukimwaga mifuko ya kukuzia, yatanyanyuka kidogo, lakini hayatafikia yale ya jirani aliyepandia kwa wakati. Kwa mtoto, mbolea ya kupandia ni siku 1,000 za mwanzo: siku 270 hivi za mimba, 365 za mwaka wa kwanza, na 365 za mwaka wa pili. Katika siku hizo urefu unajengwa, na ubongo unajengwa pamoja nao. Tunapima urefu kwa sababu ndio unaofikiwa na rula, ila hasara yenyewe si ufupi.

Mfano wa mbolea unafafanua na jambo la pili. Mahindi yakikosa naitrojeni, huwezi kuyatibu kwa kuongeza fosforasi. Majani yatabaki ya njano. Mwili wa mtoto ni hivyohivyo. Ugali una wanga mwingi, na hata protini kiasi, ila protini ya mahindi ina pengo: imepungukiwa na viini viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kimojawapo kinaitwa laisini. Ugali ukiongezwa mara mbili, pengo linabaki palepale. Ukileta maharage, pengo linazibika, kwa sababu maharage yana laisini ya kutosha, na kile ambacho maharage yamepungukiwa kipo kwenye mahindi. Kande, sufuria ile ambayo watoto wengi wa mjini wameanza kuiona chakula cha shule au cha watu wasio na hela, ni ndoa nzuri kuliko sahani nyingi za mgahawani. Waliotangulia hawakuwa na neno laisini, lakini walikuwa na kande.

Na tunapopeleka mahindi mashine tukakoboa ili tupate sembe nyeupe, tunaacha pale chini pumba na kiini, sehemu zenye mafuta, vitamini na madini mengi ya punje. Wanaokula ile pumba ni kuku na nguruwe.

Hapa nirudi kwenye ndoo ya yule dada, maana imebeba upendo mwingi na kosa moja ambalo limeenea sana. Wengi tunaamini kwamba unga ukiwa na vitu vingi ndivyo lishe inavyokuwa kubwa. Lakini hesabu vile vya kwenye ndoo kwa makundi: mahindi, ulezi, mchele, mtama na ngano ni nafaka tano, na zote zinafanya karibu kazi moja. Ni kama kuwaita mafundi ujenzi watano na kumsahau fundi wa paa. Nafaka moja nzuri, hasa ulezi au dona, inatosha kuwa msingi wa uji. Vya makundi mengine viongezwe wakati wa kupika: maziwa, karanga zilizokaangwa na kusagwa upya, yai, mboga za majani zilizopondwa, parachichi.

Na kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Karanga na dagaa wana mafuta, na mafuta yakichanganywa na unga ukae wiki kadhaa, unga unachacha. Soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili kumeng’enya protini, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hushikwa na kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Wanaokumbuka mwaka 2016 watakumbuka watu waliougua na kufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Ukichanganya vitu vinane, punje chache zilizooza za kimoja zinaharibu vyote, na huwezi tena kuzichambua.

Jambo jingine nalisikia sana Iringa na Njombe: “Sisi ukoo wetu ni wafupi tu.” Urithi upo, sikatai; mtu mzima mmoja na mwingine hawalingani. Lakini kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa nchi sita zilizo mbali kabisa, yaani Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wakiwa wamenyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Walikua kwa urefu unaofanana mno katika miaka mitano ya mwanzo. Kwa hiyo nusu ya watoto wa mkoa wakiwa chini ya mstari wa urefu wa umri wao, ukoo hauwezi kubeba lawama yote. Nusu ya mkoa si ukoo mmoja.

Basi kwa nini huku, kwenye mahindi, maharage, viazi, njegere, maziwa ya Rungwe, ndizi za Tukuyu, parachichi za Njombe na samaki wa Kyela? Nadhani neno lenyewe limeshatuonyesha pa kutazama. Tumeuliza sana juu ya kile kinacholiwa, tukamsahau yule anayelisha.

Fikiria nyumba ya kawaida mwezi wa 12. Mvua zimeanza, na kila siku moja ya kuchelewa kupanda au kupalilia inaonekana kwenye mavuno. Mama anaondoka alfajiri. Kama ni Mufindi, huenda anakwenda kuchuma chai ya tajiri kwanza, kisha shambani kwake. Mtoto wa miezi kumi na moja anabaki na dada yake mwenye miaka minane. Uji umepikwa saa kumi na moja asubuhi na kuwekwa kwenye chupa ya chai. Mtoto wa umri huo anahitaji milo mitatu au minne kwa siku pamoja na kunyonya, na anahitaji mtu wa kukaa mbele yake, kumbembeleza, kumfuta, kungoja ameze, kumpa tena. Dada yake ni mtoto, naye anataka kucheza. Mchana chupa inarudi nusu. Jioni mama anarudi na kuni kichwani, anapika ugali, na mdogo amelala bila kula.

Kwenye nyumba ile chakula kipo. Kunaweza kuwa na magunia kumi na tano ndani. Maharage yaliyovunwa yaliuzwa kulipia mbolea, maziwa yanachukuliwa na mnunuzi kila asubuhi, parachichi bora zimepanda lori. Sisemi watu wasiuze, maana ada na mbolea havilipwi kwa maneno. Nasema tu kwamba kitenzi kulisha kinataka mtu na kinataka saa, na vyote viwili vimekuwa adimu nyumbani kuliko mahindi. Bango la makundi ya vyakula lililobandikwa ukutani zahanati halimpi mama yule saa moja ya ziada. Baba anayechukua jembe ili mama abaki na mtoto hadi saa nne ameleta lishe nyumbani, ingawa mkononi hakubeba kitu.

Kwa upande huo lishe inakutana na maneno mengine ya kushikiliana maishani. Nayo tunayachanganya, kwa hiyo niyaguse.

Riziki imetujia kwa Kiarabu, na wataalamu wa lugha wanaifuata nyuma zaidi hadi Kiajemi cha kale, kwenye neno la “siku”. Ukitaka kuona alama ya neno hilo la siku katika Kiswahili, tazama Nairuzi ya wenzetu wa Zanzibar: ni “siku mpya” ya Waajemi. Kwa hiyo riziki ina harufu ya kile kinachomfikia mtu siku kwa siku, na wenye imani wanajua kinatoka kwa nani. Posho lilikuwa fungu la chakula walilopewa wapagazi wa misafara na baadaye vibarua wa mashamba ya wakoloni. Uganda limebaki kuwa jina la ugali wenyewe, kwetu limehamia bahasha za vikao. Ulezi ni nafaka, na ulezi ni kazi ya mlezi. Watu wengi huniambia nafaka ile imepewa jina kwa kuwa inalea watoto, nami huwajibu kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu.

Neno ninalotaka kukaa nalo ni matunzo, kwa sababu ndilo linalopigana na lishe kwenye simu za wazazi waliotengana.

Kutunza kuna njia mbili katika Kiswahili. Kuna kutunza kwa maana ya kuangalia kitu kisiharibike, na kuna kutunza kule kwa ngomani, mtu anapoinuka kumbandika noti mwimbaji au bibi harusi kwa furaha yake. Ya kwanza imezaa matunzo, ya pili ikazaa tunzo. Wapo akina baba, na wengine ni watu wema kabisa, wanaotoa matunzo kana kwamba ni tunzo: akifurahi anatuma, akikasirika anakata, na akituma anangoja kushukuriwa. Sheria haioni hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mzazi au mlezi kuwa na wajibu wa kumtunza mtoto, na inafungua wajibu huo vipande vipande: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, pamoja na kucheza na kupumzika. Chakula ni kipande cha kwanza tu. Mahakama ikiombwa kupanga kiasi, hutazama kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za eneo anakoishi mtoto, kwa hiyo hakuna bei moja ya nchi nzima. Kabla ya hapo, sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa imeweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki kwenye vitabu hadi wakati ambao shilingi 100 haikununua hata kiberiti na chumvi pamoja.

Kwa hiyo “hela ya lishe” na “hela ya matunzo” si majina mawili ya kitu kimoja. Matunzo ni nyumba nzima. Lishe ni chumba kimoja ndani yake, ingawa ni kile chenye moto. Ukiomba ya lishe peke yake unaweza kupewa ya unga, na mwenye kutoa akaamini amemaliza.

Nilimsindikiza binti wa jirani yangu kwenye ofisi moja kujaza maombi ya matunzo ya mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Palikuwa na sehemu ya kueleza mahitaji ya mtoto. Aliandika neno moja: lishe. Mhudumu alimrudishia karatasi kwa upole, akasema, “Mwanangu, andika vitu.” Tukakaa kwenye benchi la nje, akaanza upya: maziwa nusu lita kila siku, maharage, mayai, mafuta ya kupikia, mboga, matunda, sabuni, nauli ya kliniki, mkaa. Aliponyanyua kalamu akaniuliza, “Shangazi, na yale masaa ninayokaa naye kumlisha, niyaandike wapi?” Tuliigeuza karatasi upande wa pili. Haikuwa na nafasi hiyo, basi akayaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kila siku masaa matatu.